Pamba Ilifika Mwisho: kisa cha kidonda cha samaki wa dhahabu

Picha iliingia kwenye simu yangu jioni, na chini yake sentensi moja: "Mjomba, samaki wangu ameota pamba."

Mpwa wangu ana tangi la kioo la lita 80 lenye samaki wa dhahabu watatu. Pichani alikuwa mkubwa wao, sentimita 14 tangu mdomo hadi ncha ya mkia, na ubavuni kushoto, chini kidogo ya pezi la mgongo, ana kishungi cheupe kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Pamba ya namna ile nimeiona mara nyingi katika miaka yangu ya kufuga, kwa hiyo sikujisumbua kuuliza swali hata moja. Nilimjibu kwamba hiyo ni fangasi, atafute methilini buluu, aitie kwenye tangi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, tutazungumza baada ya wiki.

Kisa hiki nakiandika kwa sababu ya jibu lile. Kuhusu fangasi nilikuwa sahihi, na bado jibu hilo nusura limuue samaki.

Siku ya pili pamba ilidondoka, tukapongezana. Siku ya tano ikaja picha nyingine: pale palipokuwa na pamba pamebaki shimo jekundu lenye ukingo mweupe, magamba manne hayapo, nyama inaonekana. Siku ya sita samaki alikuwa amejikunyata kwenye kona, mapezi ameyabana mwilini, mara kwa mara anapanda juu kugugumia hewa. Hapo nikafunga sanduku langu la vipimo pamoja na hadubini, nikaenda.

Maji kabla ya samaki

Nilipofika sikuinama kumtazama mgonjwa. Nilichota maji. Joto nyuzi 24, pH (kipimo cha uchachu wa maji) 8.0, amonia, taka ya samaki wenyewe, miligramu 2 kwa lita, nitriti 0.5. Tangi lililokwisha kukaa miaka miwili halipaswi kuonyesha amonia hata chembe.

Hapa kuna jambo ambalo wafugaji wengi hulipita haraka. Kipimo cha amonia cha kawaida hujumlisha aina mbili: ile yenye chaji, ambayo samaki huivumilia, na ile isiyo na chaji, inayopenya matamvua na kuyaunguza. Mgawanyo wa aina hizo hutegemea pH na joto. Kwenye pH 8.0 na nyuzi 24, karibu asilimia 5 ya jumla ni ile mbaya, yaani mpwa wangu alikuwa na takriban miligramu 0.1 ya sumu halisi katika kila lita. Tangi lenye pH 7 na namba ileile ya 2 kwenye kipimo lingekuwa na sehemu ya kumi tu ya sumu hiyo. Ndiyo maana mtu akiniambia "amonia yangu ni 2" bila kutaja pH, bado hajaniambia lolote la maana.

Nikaanza kuuliza, ingawa nilipaswa kuuliza siku sita kabla.

"Sponji ya filta uliiosha lini?"

"Siku niliyomleta yule mdogo, Mjomba, kama wiki tatu hivi. Nilitaka aingie kwenye tangi safi. Niliisugua chini ya bomba mpaka ikawa kama mpya."

Kama mpya kweli, kwa sababu sponji ya filta iliyokaa miaka miwili si ya kunasa uchafu tu. Ni makazi ya bakteria wanaoila amonia na kuigeuza nitriti, na wengine wanaoila nitriti na kuigeuza nitrati, ambayo samaki huihimili kwa kiasi kikubwa zaidi. Tangi jipya huchukua kama wiki 4 hadi 6 kuwajenga. Klorini ya maji ya bomba huweza kuwaua wengi wao. Waliosalia baada ya bomba, mimi niliwaongezea methilini buluu, dawa ambayo nayo huwadhuru. Dawa hiyo mahali pake ni kwenye chombo cha pembeni kisicho na filta, nami sikusema hivyo.

"Na tangu huyo mdogo aje, umewaona wakijikuna?"

Alifikiri kidogo. "Nilidhani wanacheza. Wanajipitisha ubavu kwenye changarawe, kisha wanachomoka mbio."

Chini ya hadubini

Kukwangua ute wa samaki kunatisha mara ya kwanza, lakini ni kazi ya sekunde kumi. Mikono ilowe, samaki ashikwe taratibu ndani ya maji, na ukingo wa kipande cha kioo upitishwe kwa wepesi kutoka upande wa kichwa kuelekea mkia, nyuma ya pezi la kifuani. Usipitishe juu ya kidonda: huko utapata nyama iliyokufa na kila mdudu wa majini aliyekuja kuila. Ute unaupaka kwenye kioo pamoja na tone la maji ya tangi lenyewe, unautazama papo hapo kabla haujakauka. Ukuzaji wa mara 40 hadi 100 unatosha.

Kwa mgonjwa nilikuta minyoo bapa sita wakijivuta na kujinyoosha kama viwavi. Kwa yule mdogo, aliyekuwa na sura ya afya kuliko wote, niliacha kuhesabu nilipofika kumi na wanane. Walikuwa wa jenasi *Gyrodactylus*: hawana vidoa vya macho, na ndani ya mama unaona ndoano za mtoto ambaye hajazaliwa bado. Tofauti hii ina maana kwenye tiba. Ndugu yao *Dactylogyrus*, anayependa matamvua, ana vidoa vinne vya macho na hutaga mayai, na mayai hayo dawa haiyagusi, kwa hiyo dozi lazima irudiwe yakishaanguliwa. *Gyrodactylus* huzaa watoto walio hai. Akifa yeye, na kilicho tumboni kimekufa.

Sasa mnyororo ulionekana wote. Samaki mgeni aliingia na minyoo yake bila kutengwa kwanza. Minyoo wakamhamia mkubwa, wakaichubua ngozi yake kwa ndoano, naye akajimalizia mwenyewe kwa kujisugua kwenye changarawe. Wiki hiyohiyo amonia ikapanda, na kinga yake ikashuka. Bakteria waliokuwamo majini siku zote wakaingia kwenye mchubuko, ukawa kidonda. Nyama ilipokufa, ndipo pamba ikaota juu yake. Ile pamba, kwa kawaida ni *Saprolegnia*, kiumbe ambacho wanabiolojia siku hizi hawakihesabu hata kuwa fangasi halisi, hupenda vilivyokufa. Ilikuwa mgeni wa matanga, nami nikaikamata kama muuaji.

Kuna ugonjwa mwingine unaofanana na pamba ambao nilihitaji kuuondoa mezani, ule wa bakteria *Flavobacterium columnare*. Wao hutengeneza doa la kijivu au la manjano lililolala bapa, mara nyingi kuzunguka mdomo au mgongoni mithili ya tandiko, na katika maji ya joto huweza kuua kwa siku moja au mbili. Samaki wetu alikuwa na siku sita na kishungi chake kilikuwa cha nyuzi ndefu zilizosimama. Sikukaa sana hapo.

Tiba zinazogombana

Ukisha kujua mambo manne yanayomsumbua samaki, kishawishi ni kuyatibu yote jioni ileile, lakini tiba zenyewe hazipatani. Minyoo inahitaji dawa ikae majini siku kadhaa, na amonia inataka maji yabadilishwe kila siku. Kidonda kinahitaji samaki ashikwe, na samaki anayegugumia hewa hatakiwi kushikwa. Antibiotiki ikimwagwa kwenye maji inaweza kuwaua bakteria wa filta tunaojaribu kuwafufua. Niliyapanga kwa swali moja: kipi kitamuua kwanza? Jibu lilikuwa amonia.

Jioni ile tulibadilisha nusu ya maji, mapya yakiwa na joto lilelile na yametiwa dawa ya kuondoa klorini. Kabla ya hapo nilipima pH ya maji mapya nikakuta inalingana na ya tangini. Ingekuwa tangi limeshuka hadi pH 6.5 na maji mapya yana 8, kubadilisha nusu kwa mkupuo kungeigeuza amonia isiyo na madhara kuwa sumu ndani ya dakika. Chakula tulikizuia kwa siku mbili, maana amonia nyingi ya samaki hutoka kwenye matamvua yake baada ya kusaga protini. Na nilichomoa sponji moja ya zamani kwenye tangi langu, tangi ambalo halijapata samaki mpya kwa zaidi ya mwaka, nikaifunga kwenye filta yake. Hiyo ndiyo dawa iliyofanya kazi kubwa kuliko zote, na haiuzwi kwenye chupa.

Kisha chumvi. Gramu 3 kwa lita, yaani gramu 240 kwa tangi zima, ikayeyushwa pembeni na kuingizwa kwa mafungu matatu katika muda wa saa 36. Watu husema chumvi inaua vijidudu. Kwa kiwango hiki sikuitegemea kwa hilo. Damu ya samaki ina chumvi nyingi kuliko maji anamoishi, hivyo maji humwingia muda wote kupitia ngozi na matamvua, na figo hufanya kazi ya kuyatoa. Magamba nayo hayakupangwa juu ya ngozi kama vigae. Yamepandwa ndani ya ngozi, na juu yake umetandazwa utando hai mwembamba unaotoa ute. Gamba moja likitoka kuna tundu. Yakitoka manne, samaki anavuja chumvi na kunywesha nyama yake maji bila kupenda. Chumvi tangini hupunguza tofauti hiyo, figo zikapumua. Zaidi ya hayo, kloridi yake huzuia nitriti kuingia kwenye damu kupitia matamvua. Chumvi haivukizwi na hewa, kwa hiyo tulirudisha tu ile ya maji tuliyotoa: tukichota lita 30, tunarudisha gramu 90.

Siku tatu zilipita hivyo, maji na chumvi, bila mtu kumgusa samaki. Mpwa wangu alikereka. "Mjomba, kidonda kiko wazi na sisi tunabadilisha maji tu?" Ndiyo. Siku ya nne tangu nifike, amonia ilisoma 0, nitriti 0.1, na mgonjwa alikuwa ameacha kupanda juu kuvuta hewa. Sasa angeweza kushikwa.

Kidonda chenyewe

Daktari wa mifugo anayejua samaki nilikuwa nimeshampigia siku ya kwanza, akaja siku hiyo ya nne. Ukingo wa mapezi ulikuwa umeanza wekundu na kidonda kimefika kwenye msuli. Hapo hakuna tena la kufanya nyumbani kwa makisio. Magamba yangekuwa yamesimama kama tunda la msonobari na tumbo limevimba, tungezungumza kuhusu kumuua bila maumivu badala ya kumtibu. Hayakuwa yamesimama.

Alimlaza usingizi kwa mafuta ya karafuu. Mafuta hayo hayachanganyiki na maji yakidondoshwa tu. Hutikiswa kwanza kwenye kichupa chenye maji ya uvuguvugu mpaka yageuke maziwa, kisha humiminwa kidogokidogo huku ukitazama kifuniko cha matamvua kinavyopungua mwendo. Yakizidi, samaki haamki. Hii ni kazi ya kuonyeshwa na mtu, si ya kusoma ukaenda kujaribu.

Kwenye kitambaa kilicholowa, kichwa kimefunikwa, alipangusa uchafu wa juu, akachukua sampuli kwenye ukingo wa kidonda. Utaratibu huo una sababu. *Aeromonas hydrophila* anaishi karibu kila mahali penye maji, na ukifuta juujuu utamwotesha hata kama hana hatia. Nduguye *Aeromonas salmonicida*, ambaye baadhi ya aina zake husababisha vidonda vya samaki wa dhahabu, ni mgumu kuota na hufunikwa na wengine kwenye sahani ya maabara. Baada ya sampuli ndipo ikapakwa iodini iliyozimuliwa, kwa kugusagusa na pamba, ikasuuzwa kwa maji ya tangi yakielekezwa mkiani ili tone lisifike kwenye matamvua. Alikaa nje ya maji chini ya dakika moja na nusu.

Iodini ilipakwa mara hiyo moja tu. Najua wapo wanaompaka samaki kila siku kwa wiki mbili, na sikubaliani nao. Seli za ngozi ya samaki huanza kutambaa kuziba jeraha ndani ya saa chache, haraka kuliko ngozi yetu. Ukimvua kila asubuhi unabandua kilichofumwa usiku.

Antibiotiki ilikuwa enrofloksasini ya sindano, miligramu 10 kwa kilo. Samaki alipimwa ndani ya bakuli la maji akawa gramu 55, hivyo dozi yake ni miligramu 0.55. Dawa iliyokuwepo ina miligramu 50 kwenye mililita moja. Ungehitaji mililita 0.011, tone ambalo hata bomba dogo la sindano haliwezi kulipima kwa uhakika. Ilizimuliwa mara kumi, ikawa 0.11. Naitaja hesabu hii kwa ajili ya wanaouliza kama wanaweza kupachika "kidogo tu" ya dawa ya ng'ombe. Sindano zilikuwa tatu, moja kila baada ya siku mbili, na alipoanza kula vizuri dawa ikahamia kwenye chakula kwa siku kumi zaidi. Majibu ya maabara yalikuja katikati: *Aeromonas hydrophila*, haisikii oksitetrasaiklini, antibiotiki nyingine, inasikia enrofloksasini.

Kwa nini isiwekwe majini kama wengi wanavyofanya? Filta nimeshaitaja. Pia samaki wa maji yasiyo na chumvi hunywa maji kidogo sana, tayari anayo mengi kupita kiasi, kwa hiyo mara nyingi dawa iliyo tangini haimfikii damuni kwa kiwango cha maana. Unga wa oksitetrasaiklini una aibu yake ya ziada: kalsiamu ya maji magumu huushika ukabaki bila nguvu, huku maji yakigeuka kahawia na mwenye tangi akiamini kazi inafanyika.

Minyoo ilisubiri hadi siku ya tano, sponji iliposhika kazi na maji hayahitaji tena kubadilishwa kila siku. Prazikwanteli miligramu 2.5 kwa lita, jumla 200, ilikorogwa kwanza kwa kutikiswa sana kwenye chupa kwa sababu haipendi kuyeyuka. Tangi zima, samaki wote watatu. Tulirudia baada ya wiki. Kwa *Gyrodactylus* peke yao huenda isingehitajika, ila sikuwa nimekwangua matamvua, na siwezi kuapa kwamba hakukuwa na wale wa mayai.

Jambo dogo ambalo nusura nilisahau: mpwa wangu alikuwa na mkato kwenye kidole na alikuwa akitia mkono tangini kila siku. *Mycobacterium marinum*, bakteria mwingine wa matangi, huingia kwa mikato kama hiyo na kumwachia binadamu uvimbe wa ngozi unaochukua miezi kupona. Akapata glavu.

Weusi

Siku ya kumi na saba simu iliita usiku. "Mjomba, anaoza. Pembeni ya kidonda pamekuwa peusi."

Safari hii niliuliza. Anakula? Anakula. Amonia? Sifuri. Weusi umevimba, una harufu, una unyevunyevu wa nyama? Hapana, ni kama masizi yaliyopakwa. Basi nikamwambia alale. Seli za rangi nyeusi huhamia kwenye ngozi inayojifuma upya, na kwa samaki wa dhahabu huonekana kama madoa ya makaa kuzunguka jeraha, wakati mwingine hata kwenye mapezi yaliyounguzwa na amonia. Wengi huyaona, wakadhani ugonjwa mpya, wakamimina dawa juu ya samaki anayepona.

Siku ya 24 tuliacha kuongeza chumvi. Kila maji yalipobadilishwa ikapungua yenyewe. Siku ya 30 shimo lilikuwa limejaa, waridi katikati na masizi pembeni. Siku ya 52 nilikwangua ute wa samaki wote watatu, safari hii na kipande kidogo cha tamvua la yule mdogo, nikakaa na hadubini karibu saa nzima. Sikuona mnyoo. Pale magamba manne yalipotoka yameota matatu, moja limelala mshazari, na yote ni ya fedha tupu.

Wiki iliyopita aliniletea picha nyingine, ya samaki wake wa kati. Juu ya picha alitanguliza namba: joto 22, amonia 0, nitriti 0, pH 8.0. Kisha: "Mjomba, ana vidoti vyeupe kwenye vifuniko vya matamvua. Hajikuni." Nilimuuliza kama vipo na mwilini. Havipo, ila vipo vingine vimejipanga kwenye ukingo wa mbele wa mapezi ya kifuani, kama punje za semolina. Nikamuuliza kama anamfukuzafukuza yule mkubwa.

"Kutwa nzima."

Nilimwambia asitie kitu chochote majini. Vile vilikuwa vipele vya dume aliyebalehe, na mkubwa wetu mwenye kovu ni jike.